Mji Ulioziba Visima Vyake

Ile ndoo tuliyoiacha Jumamosi iliyopita ikining'inia katikati ya kisima, kamba ikiwa mikononi mwa Mpima, sasa imefika juu.

Ni nyeusi.

Juu ya maji umetanda utando mzito, unaong'aa kwa jua la asubuhi kama mgongo wa mende. Mpima akaitua ndoo ukingoni. Mwanamke wa kwanza kwenye foleni ya maji akachungulia, akaachia ndoo yake ikaanguka.

"Mafuta!" akapiga ukelele. "Jamani, mafuta yamerudi!"

Neno hilo halitamkwi ovyo katika mji huu. Ni sawa na kumnong'oneza mlevi aliyetubu kwamba jirani kaanza kupika pombe. Kufumba na kufumbua, foleni ya watu arobaini ikavunjika. Huyu kakimbia kumwita mumewe, yule kakimbia kumwita Mwenyekiti, mwingine kapiga magoti mikono juu. Ndoo zikabaki zimetapakaa uani, tupu, midomo wazi. Na katika watu wote arobaini hakutokea hata mmoja wa kuuliza swali ambalo hata punda angeliuliza: sasa leo tunakunywa nini?

Kwa wewe uliyejiunga nasi leo, na kwa wewe ambaye ukurasa wa wiki jana ulifungiwa sabuni dukani, nitakueleza huu ni mji wa namna gani. Sitakuchelewesha. Historia yake ni fupi kama akili za wenyewe.

Miaka arobaini iliyopita hapa palikuwa na kituo cha malori, shule ya madarasa mawili, na nyumba sitini, kila moja na kisima chake uani, kilichochimbwa na babu kwa sururu na jasho. Wakaja wageni na ramani zao, wakatoboa ardhi, mafuta yakatoka. Wenyeji hawakutoboa hata shimo la kupandia mche. Lakini muulize mzee yeyote leo, atakuapia kwamba ni yeye aliyewaonyesha wageni mahali pa kuchimba. Hadi sasa wapo kumi na tisa.

Neema ikashuka. Wakajenga hoteli ya ghorofa tatu yenye lifti. Lifti ilipanda siku moja tu, siku ya ufunguzi, ikiwa na diwani ndani. Ikanasa kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, na diwani akateremshwa kwa kamba kama gunia la mkaa. Mwenye hoteli tangu hapo anaitwa Bi Lifti, na anaitika kwa maringo. Wakaweka taa za kuongozea magari kwenye barabara isiyokutana na barabara nyingine yoyote. Taa ikiwaka nyekundu magari yalisimama, yakiusubiri upepo upite.

Kisha wakaona haya ya visima. Kunywa maji ya kisima, wakasema, ni ushamba. Malori yakaanza kuleta maji ya chupa. Ukaitishwa mkutano, na kila nyumba ikaziba kisima chake kwa saruji. Ikawa mashindano: nani kaziba vizuri zaidi. Mwenyekiti alishinda. Alimwaga zege, akapaka rangi, akaegesha gari juu yake.

Kisima kimoja tu hakikuzibwa, cha mke wa mpasha mabomba, kibarua wa kampuni, kwa sababu hakuwa na mfuko wa saruji. Mji mzima ulimcheka.

Miaka kumi na mmoja iliyopita mafuta yakaisha. Kampuni ikafungasha kwa wiki moja, na malori ya maji yakaondoka nayo. Hapo ndipo watu waliomimina saruji kwenye koo la babu zao walipotokea kwenye lango la yule mama, ambaye sasa alikuwa mjane, ndoo mkononi. Hawakuona aibu. Hata asante hawakuwa nayo. Walilalamika kwamba maji yana chumvichumvi.

Mpima ni binti wa mama huyo. Kampuni ilimwachia kazi ya kulinda matangi sita makubwa nje ya mji. Kila Jumatatu anapanda ngazi ya chuma, anateremsha utepe wa kupimia mpaka uguse sakafu ya tangi, anaupandisha, anaandika: sifuri. Matangi sita, sifuri sita. Wenye mji wamempa jina la Mpima Hewa. Siku zilizobaki anamsaidia mama yake kuchota maji na kuwanywesha wanaomcheka.

Sasa turudi kisimani.

Mwenyekiti aliwasili kwa miguu, kwa kuwa gari lake lingali juu ya kisima chake, halina magurudumu. Nyuma yake Bi Lifti katika gauni la kijani lenye harufu ya sanduku. Nyuma yao Afande, askari pekee wa mji. Na nyuma kabisa, bila haraka, Mkandarasi.

Huyu Mkandarasi ndiye yule aliyefika Alhamisi na mtambo wa kuchimbia juu ya lori. Kamati ilimwita aje atoboe mahali popote. Naye aliwajibu kwa neno moja, kwamba hatoboi ovyo. Anatoboa penye dalili, na dalili isipoonekana hadi leo asubuhi, anawasha lori na kwenda zake. Injini ilikuwa tayari inanguruma alipoitwa.

"Mama Fundi!" Mwenyekiti alianza kuhutubia kabla hajavuka lango. "Mama Fundi, mama yetu sote! Nilisema mimi! Tangu zamani nilisema, kisima hiki kina jambo!"

"Ulisema kinanuka," alijibu mama kutoka kwenye kigoda chake.

"Kinanuka utajiri!"

Watu wakapiga vigelegele. Kijana mmoja akamwona kaka yake Mpima, fundi wa magari, amesimama kando ya ukuta na suruali yake ya kazi. Wakamvamia. Wakamnyanyua mabegani. "Mwana wa kisima! Mwana wa kisima!" Fundi akawa anayumba juu ya vichwa kama kabati linalohamishwa, uso umemsawijika.

Mpima hakupiga kigelegele. Alikuwa ameinama juu ya ndoo.

Alichovya kidole, akakitoa. Ule weusi ukamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, chapuchapu, kama maji ya kunde. Akachovya tena. Ukatiririka tena. Akahisi kitu kimekaa vibaya, kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta kitanda kimegeuzwa.

"Haraka, haraka," Mwenyekiti alikuwa akisema. "Karatasi iko wapi? Wino uko wapi? Mama Fundi, mambo ni rahisi. Wewe unatoa uwanja huu na kisima chake. Wenzako tunakupa nyumba ya vyumba vitatu katika mji wa bandari, ile iliyokuwa ya kamati. Unatia dole gumba, unahama kama malkia. Bwana Mkandarasi anaingiza mtambo leo hii hii."

"Na maji?" Mpima akauliza.

"Maji gani?"

"Ya kunywa, mzee. Mtambo ukiingia hapa, hiki kisima ndiyo basi."

Bi Lifti akacheka kwa pua. "Bibie, watu wakipata mafuta hawanywi maji ya kamba. Tutakunywa ya chupa!"

"Ya chupa!" umati ukaitikia kama darasa la kwanza.

"Yatakayotoka wapi, na lini?"

"Binti," Mwenyekiti akasema kwa sauti ya upole inayotumiwa na wenye kiburi, "kila mtu na fani yake. Wewe fani yako ni kupima hewa. Endelea na hewa. Mafuta tuachie wenye nayo."

Wakacheka wote. Wengine mate yaliwakauka kwa kiu, lakini walicheka.

"Lete huo wino," akasema mama.

Mpima akageuka kwa mshangao. Mama yake alikuwa ameshanyoosha mkono, dole gumba limesimama. Mwanamke aliyekataa kuhama mume alipokufa, akakataa kuhama kampuni ilipoondoka, mwanamke aliyekesha akikisugua kisima hiki kwa mikono yake kila kiangazi, leo ananyoosha dole kama anayekwenda kuchanjwa.

Wamemtisha, Mpima akawaza. Wamemtisha mama yangu.

Akaushika ule mkono. "Mama, nipe dakika moja. Moja tu."

"Mwanangu, acha."

"Dakika moja."

Akakimbilia ndani. Alirudi na kopo la bati lenye ukubwa wa birika dogo, mfuniko umefungwa kwa waya. Akaufungua waya kwa meno.

"Hii ni sampuli ya pipa la mwisho," akatangaza. Sauti ilimtetemeka, maana hakuzoea kusema mbele za watu. "Nilipewa niitunze. Haya ndiyo mafuta ya mji wetu."

Wazee wakavua kofia. Mwenyekiti machozi yalimlengalenga. Alinyoosha kidole kutaka kuligusa kopo kama mtu aliyeletewa nywele za marehemu.

Mpima akalipindua juu ya kichwa cha Mwenyekiti.

"Weee!" Mwenyekiti akaruka, akamkanyaga Bi Lifti, Bi Lifti akamkumba Afande, na wote watatu wakaangukia kwenye ndoo.

Hakuna kilichomwagika. Mpima akalipigapiga kopo kwa kiganja, mdomo chini. Hakuna hata tone.

"Yameganda," akasema. "Mafuta ya hapa yana nta. Yakipoa yanakuwa magumu kama dawa ya viatu. Baba yangu alikuwa akiamka alfajiri, miaka ishirini na sita, kuyapasha moto kwenye mabomba, la sivyo hayasogei. Yalikuwa mavivu kama..." Akajizuia. Ni binti mwenye adabu.

Mimi nitamalizia kwa niaba yake: kama wenyewe.

"Na kisimani kuna baridi kuliko hapa juu. Kama haya yangekuwa ya kwetu, yangekuja yameganda vipande vipande. Tazameni!" Akaichota ile nyeusi ya ndooni kwa kata, akaimwaga chini. Ikakimbia kwenye mchanga kama mkojo.

Mkandarasi, aliyekuwa ameegemea lango, akasogea mbele hatua mbili.

"Mzee Mwenyekiti," Mpima akasema, na hapo hasira ilikuwa imeanza kuishinda aibu, "umeishi kwa mafuta haya miaka thelathini. Hukujua kwamba yanaganda?"

Mwenyekiti akajipangusa matako. "Mimi nilikuwa upande wa utawala."

"Na wewe, Bi Lifti?"

"Mie mafuta niliyaona kwenye picha."

Akawageukia wale wazee kumi na tisa waliowaonyesha wageni mahali. Mmoja alikuwa anatazama mawingu, mwingine kajiinamia anatafuta kitu ndani ya kiatu.

Huo ndio mji wenyewe, msomaji wangu. Miaka arobaini umejiita mji wa mafuta, kwenye mabango, kwenye fulana, kwenye mihuri ya ofisi. Lakini aliyewahi kuyashika alikuwa mpasha mabomba, naye alizikwa bila hata ofisa mmoja kufika kaburini. Debe tupu haliachi kuvuma.

"Labda haya ni mapya," Bi Lifti akajitutumua. "Mambo yamebadilika. Siku hizi kila kitu chepesi. Labda ni mafuta ya kisasa."

"Ndiyo!" akadakia mtu. "Ya kisasa!"

"Ya kisasa! Ya kisasa!"

Hutaamini, lakini macho yaliwaka tena. Mwenyekiti akaokota ile karatasi, akaipuliza mchanga. Mama akanyoosha tena dole gumba.

Mpima aliona kila kitu kinamponyoka. Akavuta kitambaa cheupe kichwani mwake, akakichovya ndooni, akakikamua, akakikunjua mbele ya jua. Katikati ya doa jeusi vilimetameta vitu vidogo vidogo, vingi, kama vumbi la nyota.

"Mnaona? Hili ni vumbi la chuma. Chuma kilichosagwa na chuma." Akampelekea Mkandarasi kitambaa puani. "Wewe ni mtu wa mitambo. Waambie wewe."

Mkandarasi alinusa. Akakisugua kitambaa kwa kidole, akatazama kidole. Kisha akasema, taratibu, kama anayesoma matokeo ya mtihani:

"Oili ya injini. Imetumika, na imetumika vibaya."

Mji ukatoa pumzi kama mpira uliochomwa mwiba.

Mpima akamgeukia mama yake kwa furaha. "Mama, umesikia? Imemwagwa tu! Tutaiengua, tutakikausha kisima, tutasugua kuta. Siku tatu, nne, maji yanarudi. Kisima chako kipo, mama!"

Mama alikuwa anatazama upande wa Mkandarasi, na Mpima alipofuatisha macho yake, furaha ikamkauka.

"Imemwagwa," Mkandarasi alikuwa akirudia. "Nimezima lori kwa ajili ya ndoo hii. Nimewaambia watu wangu washushe vyuma. Kuna mtu kanifanya mtoto mdogo. Mwenyekiti, huo ni ulaghai, na ulaghai una sheria. Nataka mtu."

Mwenyekiti, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa anapaliwa na aibu, akapata pa kutokea.

"Mtu utampata," akasema. "Utampata sasa hivi. Hebu tufikiri, ndugu zangu. Mji mzima huu, nani ana oili chafu?"

Magari yanayotembea mjini ni manne. Gereji ni moja.

Vichwa vyote vikageuka. Vikatazama juu, kwa kuwa Fundi alikuwa bado mabegani mwao.

Walimwachia kama wanavyoachia sufuria ya moto. Akaanguka kwa kiwiko, akasimama, akajikung'uta. Wale wale waliokuwa wakiimba mwana wa kisima sasa walikuwa wamemzunguka, ngumi zimekunjwa. Ndoo moja ikarushwa, ikamgonga begani.

"Ulitaka kutuuzia uwanja wenu kwa ulaghai!"

"Katia sumu maji ya watoto wetu!" akalia Bi Lifti, ambaye robo saa iliyopita hakuwa na habari ya maji.

Mpima alijipenyeza hadi mbele. "Subirini! Sikusema ni yeye! Oili inaweza kuibwa. Kaka, waambie. Waambie hukumwaga wewe."

Fundi alimtazama dada yake. Kisha akatazama juu ya bega lake, kule kwenye kigoda.

"Ni mimi," akasema.

"Kaka!"

"Nimesema ni mimi. Unataka nikuimbie?"

"Maji ya mama? Wewe? Mama aliyekulea kwa maji haya, anauza kata moja moja ili upate ada ya ufundi?"

"Mdogo wangu," Fundi akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ilikuwa ya chini, "leo umefanya kazi nzuri sana. Baba angejivunia. Sasa nyamaza."

Afande akajitokeza, akivuta tumbo ndani. Miaka mingi hakuwahi kumkamata mtu. Mji hauna hata cha kuibwa. Alipapasa mfukoni, akatoa kitu, akakosa, akatoa kingine, hadi akapata pingu. Ufunguo ulikuwa umefungwa pamoja na wa choo cha kituo. Alimshika Fundi mkono, wakaanza kwenda langoni, umati ukiwafuata kwa zomeazomea.

Mpima alibaki uani kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Alikuwa ameokoa kisima na kumtia kaka yake kitanzini, vyote kwa kitambaa kimoja.

"Mwanangu."

Akageuka. Mama alikuwa ameinuka kwenye kigoda, ameshika ukuta.

"Mfuate kaka yako ukamrudishe."

"Nitamrudisha vipi, mama? Kakiri mwenyewe!"

"Kakiri nini? Yeye hajui hata lile dumu lilitokaje kwake. Nilipita gerejini jana adhuhuri, watu wamelala, nikalibeba chini ya mtandio. Alichokiona ni mimi nikiwa naosha mikono kwa mchanga. Hakuniuliza. Ni mtoto wa baba yake, hajui kuuliza."

Mpima alisikia kila neno, lakini maneno yalikataa kukaa pamoja.

"Wewe?"

"Mimi."

"Kisima chako? Mama, kisima chako mwenyewe?"

"Ndicho. Sikuhitaji ruhusa ya mtu."

"Kwa nini?"

Mama alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kwa nini usiku kuna giza.

"Mara ya kwanza walipokuita kazini kule bandarini, ulikuwa na miaka ishirini na saba. Ukasema, nitamwachaje mama na kisima. Mara ya pili, ukasema, nani atavuta kamba. Mara ya tatu barua hukunionyesha kabisa. Niliikuta chini ya godoro, nikaipeleka kwa mwalimu anisomee. Ulikuwa na mchumba, akachoka kusubiri, akaoa. Leo una miaka thelathini na minane. Unapanda tangi tupu, unashuka, unakuja kuwavutia maji watu wanaokucheka. Na kila nikisema nenda, unanionyesha kisima."

"Mama, mimi nilikaa kwa ajili yako."

"Najua. Na mimi nilikaa kwa ajili yako. Tumefungana kamba moja, mwanangu, kila mmoja anadhani anamshikilia mwenzake asizame. Nikaona wamemleta mwenye mtambo. Nikaona kuna nyumba bandarini. Nikasema, hawa mbumbumbu hawatajua tofauti, na kweli hawakujua. Nilimsahau mtu mmoja tu ambaye angejua."

Mpima alitazama ile ndoo nyeusi ukingoni.

"Haya," mama akasema, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Kisima si kisafi tena. Nipe sababu nyingine ya kukaa hapa. Nitajie moja."

Nje, zomeazomea ilikuwa imefika barabarani. Ilisikika sauti ya Mwenyekiti ikiahidi kesi ya mfano. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini katika nyumba hii aliyechuma alikaa na aliyekula ndiye aliyevikwa pingu.

Mpima alikimbia.

Aliwapita Bi Lifti na gauni lake, akawapita wazee kumi na tisa, akawafikia chini ya zile taa za barabarani zisizowaka. Akasimama mbele ya Afande, mikono ameitandaza.

"Mwachie."

"Binti, usizuie kazi ya serikali," Mwenyekiti akafoka.

"Mwachie, Afande. Siyo yeye."

"Kakiri."

"Anadanganya."

Mkandarasi akapenya katikati ya watu. "Sawa. Kama siyo yeye, ni nani? Unamjua?"

"Namjua."

"Mtaje."

Nyuma ya bega la Afande, Fundi alikuwa anamtikisia kichwa, polepole. Usimtaje. Tafadhali, usimtaje.

Mpima akavuta pumzi. Katika miaka kumi na mmoja ya kuandika sifuri hakuwahi kuongeza wala kupunguza hata moja, na wote waliokuwa pale walilijua hilo, hata waliomcheka. Akasema kwa sauti iliyosikika hadi mwisho wa barabara:

"Ni mimi. Niliimwaga mimi."

Watu waliguna. Mwenyekiti akaachama. "Wewe? Wewe si ndiye uliyetuonyesha kwamba ni oili?"

"Niliogopa. Nikajirudi."

"Mwongo!" Fundi akaunguruma. "Ni mimi! Oili ni yangu, dumu ni langu!"

"Dumu la rangi gani?" Mkandarasi akauliza.

Fundi akatazama pingu mkononi mwake.

"La bluu," ikajibu sauti nyuma yao. "Mkono wake umekatika, nimeufunga kitambaa. Wote wawili waongo, hawakuijua hata rangi yake. Nivisheni mimi hizo pingu."

Mama alikuwa amewasili, anahema, mtandio umemwanguka mabegani. Umati ukampisha bila kuambiwa. Alikwenda moja kwa moja hadi mbele ya Afande, akanyoosha mikono miwili iliyokwaruzwa na kamba ya kisima. Mpima akanyoosha yake kando ya ile ya mama. Fundi, mkono mmoja tayari umefungwa, akanyoosha ule mwingine.

Mkandarasi alitazama mikono ile. Akamgeukia askari.

"Haya, Afande. Ni wako."

Afande akatazama watu wale watatu wa nyumba moja. Akazitazama pingu zake.

Zilikuwa jozi moja.